Rahima Mahmoud, Daktari Aliyesema Hakuna la Kufanya

Dada yetu Rahima binti Mahmoud alizaliwa hapa Kibuli tarehe 9 Machi 1936, mtoto wa tatu wa Mzee Mahmoud, muuza vitambaa wa Nakasero. Alisomea udaktari Makerere, kisha akaenda Uingereza kujifunza kusoma picha za eksirei. Mimi mdogo wake, Farouk, nilidhani anasomea upigaji picha, nikamwagiza kamera. Sijaletewa hadi leo.

Alirejea mwaka 1968, na mwaka uliofuata akafunga ndoa na shemeji yetu Tajudin. Walijaliwa mabinti wawili, Nusura na Mwanawetu.

Mwaka 1974 Sajini Okeny wa polisi alimleta hospitali bintiye Adyero, wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa ameanguka shuleni, na picha ikaonyesha doa kwenye mfupa, juu ya goti. Daktari wa upasuaji alihofia kansa, akataka kuukata mguu. Dada aliitazama picha, akasema, "Mwacheni. Hakuna la kufanya." Maskini Okeny akaelewa kwamba mtoto hana matumaini. Akaweka bastola mezani. Siku hizo za utawala wa kijeshi, mwenye bunduki hakuulizwa.

"Afande, nasema hana ugonjwa wa kutibu," dada alimweleza, akamwonyesha ukingo mweupe uliozunguka doa, na ganda la nje la mfupa lililo zima. Uvimbe wa namna hiyo hauna madhara. Mtoto akikua, mfupa hulijaza doa hilo wenyewe.

"Na kama wewe nakosea?" Okeny aliuliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Nyumba yangu ni ya pili kutoka msikitini. Utanikuta."

Mwaka uliofuata shemeji alifunga mizigo wahamie Mombasa, kama walivyofanya wenzetu wengi. Dada akagoma. Picha ya pili ya Adyero, ya kuona kama doa linapungua, ilikuwa haijapigwa, na alijua akiondoka mguu utakatwa. Tulimlilia, tukamkasirikia, hakutikisika. Picha ilipopigwa, doa lilikuwa limepungua. Okeny akaja Kibuli na sare zake, mtaa mzima ukafunga milango. Kumbe ameleta chungu cha simsim, ule ufuta wa kwao.

Dada alifanya kazi hadi mwaka 1989, moyo ulipoanza kumsumbua. Alifariki jana Ijumaa, 14 Juni 1991, mikononi mwa Nusura. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na mimi. Ameacha pia Adyero, ambaye leo tulimpelekea gari aje kumuaga. Amelikataa, akapanda kilima chote cha Kibuli kwa miguu.

Mwenyezi Mungu amrehemu, ampe mapumziko ya amani.