Risala ya Kikundi Kisicho na Pigo la Saba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bi. Honorata Sumbillo, Ofisa Michezo na Utamaduni uliyetoka mjini kuja kutukagua. Kapteni wa barangay yetu, yaani kijiji chetu cha Kalubihan. Akina mama wa mazoezi ya dansi ya zumba mliokubali kutupisha uwanjani kwa nusu saa. Wanachama wenzangu, mabibi na mabwana:

Ukaribisho

Karibu sana Kalubihan. Sisi ni wanachama kumi na wanne wa mchezo wa fimbo, eskrima, na wengi wetu tumeshapita miaka hamsini. Tukianza kuonyesha, utasikia magoti yetu kabla ya kusikia fimbo. Usishtuke, ndivyo yalivyo.

Hizo keki za wali mbele yako amezipika Bi. Minda, binti wa mwalimu wetu. Kula bila wasiwasi. Zile zilizoungua tumewawekea wanachama.

Mwalimu wetu, Tay Eliseo Dalumpines, ambaye barangay nzima tunamwita Tay Isyong, yaani Baba Isyong, ndiye huyo mzee wa miaka themanini na mmoja aliyekaa kulia kwako. Ameshakuuliza mara tatu wewe ni nani. Atakuuliza tena. Tunakuomba usichoke kumjibu.

Historia fupi

Mgeni rasmi, mapigo yetu huitwa kwa namba. Mmoja anataja namba, wa pili anapiga, wa tatu anakinga kama amebahatika. Vikundi vyote vya mkoa huu vina mapigo kumi na mawili. Sisi tunahesabu mpaka kumi na mbili kama wenzetu, ila mapigo yetu ni kumi na moja. Tunatoka sita, tunakwenda nane.

Sababu ni hii. Tay Isyong alifundishwa akiwa kijana, kwenye shamba la miwa, na mzee mmoja mkata miwa aliyeitwa Lolo Andoy, yaani Babu Andoy. Kila jioni baada ya kazi walifanya pigo moja. Siku ya saba Lolo Andoy akasema, "Haya, saba hii hapa," akapiga. Tay Isyong hakukinga. Alipozinduka alikuwa chali kwenye majani ya miwa na mzee amesimama juu yake.

"Amka. Tuko nane."

"Na saba je, Lolo?"

"Saba nimeshakufundisha. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimezimia!"

"Basi hilo ni lako. Mimi somo sirudii."

Na kweli hakurudia. Mavuno yalipokwisha akaondoka na kundi lake la wakata miwa, na hakuonekana tena. Tay Isyong alikuwa mtu wa haki mno, asingeweza kubuni pigo lake mwenyewe. Alipotufundisha sisi, akifika hapo alikuwa anakuna kichwa, anasema, "Hapa kuna kitu, lakini sikukiona," kisha tunaendelea.

Mafanikio

Tumehudhuria makusanyiko ya mkoa mara kumi na tisa. Mara ya kwanza, mwenye kipaza sauti aliita namba, vikundi vyote vikapiga na kukinga kwa pamoja. Aliposema saba, watu mia tatu walipiga. Sisi tulisimama kama tunasubiri basi. Tulirudi nyumbani na nundu tisa. Tay Isyong hakuzijua nundu hizo wakati zinatua, maana walimu huketi jukwaani na wageni. Alizihesabu kwenye lori wakati wa kurudi.

Mwaka uliofuata tukajifunza. Ikiitwa saba, tunarudi hatua moja nyuma na kuinamisha vichwa. Watazamaji wakadhani tunawakumbuka marehemu. Wengine walivua kofia. Tukapewa cheti cha kuheshimu mila, kile pale kwenye nguzo. Tunakiri leo kwamba hatukustahili, na tunaomba tusinyang'anywe.

Pia tulimkamata mwizi wa kuku. Kwa bahati mbaya alikuwa mwanachama wetu. Alikinga mapigo yetu yote kumi na moja vizuri kabisa, hata tukasahau kukasirika, tukaanza kumpongeza. Yuko nasi leo, mstari wa nyuma. Kuku alirudishwa.

Changamoto

Changamoto ya kwanza ni fomu ya ofisi yako. Ina mistari kumi na miwili, na kila mstari unataka jina la kitaalamu la pigo. Pigo ambalo wenzetu wanaliita abaniko, sisi tunaliita "fukuza nzi". La nne ni "koroga uji". La tisa ni "mke wa Turing", na hatuwezi kueleza kwa nini, kwa sababu Turing ni mwanachama wetu, mkewe yupo hapa, na fimbo anayo.

Majina hayo tunaweza kuyabadilisha, hatuna kiburi. Taabu iko kwenye mstari wa saba. Barua yako inasema kikundi kisichojaza mistari yote kitatolewa kwenye orodha, na kikitolewa kwenye orodha kinapoteza uwanja huu wa mpira wa kikapu siku za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi saa kumi jioni. Uwanja watapewa akina mama wa zumba, ambao wako thelathini na wanapatana na muziki.

Mwenyekiti wetu, Nong Bebot, alisema, "Nakilini tu ile chati ya ofisi. Nani atajua?" Ndiye yule aliyeinamisha kichwa. Mgeni rasmi, tulimsikiliza. Tuliibandika chati yako yenye rangi kwenye nguzo, tukaanza kuhesabu upya kwa mpangilio wake. Kwenye chati hiyo tano yetu imekuwa mbili, mbili imekuwa kumi, na fukuza nzi haipo kabisa.

Sasa hapa ndipo mzaha unanishinda. Tay Isyong amekuwa akisahau kwa miaka mitatu. Alianza na funguo, akaja kwenye njia ya sokoni, na tangu mwaka juzi amemsahau hata Minda, mtoto wake wa pekee anayemwogesha na kumlisha. Humwita "wewe mama mwema". Ukimwita kwa jina lake mwenyewe, hageuki. Lakini saa kumi ikifika anachukua fimbo na kuja hapa uwanjani peke yake. Ndiyo njia pekee aliyobaki nayo. Mtu akiita "tano", mkono wake unakwenda pale pale, haraka kuliko sisi sote. Kwa jina haitiki, kwa namba anaitika.

Siku ya chati alifika namba tatu, akasimama. Alitazama fimbo, akatutazama sisi. Akasema, "Ninyi ni akina nani? Watu wangu mmewapeleka wapi?" Akaondoka kabla ya wakati, akapotea. Tulimpata karibu na kiwanda cha sukari, viatu hana. Chati tuliibandua siku ile ile. Imekunjwa vizuri, utarudishiwa.

Mtauliza kwa nini asifanyie mazoezi nyumbani. Alijaribu. Feni tumeshaizika, na sanamu ya Mtakatifu Roki ya ukutani sasa haina mkono.

Lililotokea Alhamisi iliyopita

Hili halikuwemo kwenye rasimu ya risala. Nimelazimishwa na kamati kulisoma, kwa sababu lilinipata mimi.

Alhamisi tulirudi kwenye hesabu yetu ya zamani. Minda ndiye aliyekuwa anaita, na mimi nilisimama mbele ya Tay Isyong nikikinga. Minda alikuwa ameikariri chati yako wiki nzima kabla hatujaibandika, maskini, ulimi ukamponyoka. Baada ya sita akaita, "Saba!"

Mabibi na mabwana, neno hilo halikuwahi kuitwa mbele yake katika uwanja huu. Mimi nilianza kucheka. Nakumbuka nilikuwa nacheka, na baada ya hapo nakumbuka paa la uwanja.

Nilipofumbua macho, Tay Isyong alikuwa amesimama juu yangu, fimbo begani, uso umemtulia.

"Amka," akasema. "Tuko nane."

Kisha akageuka na kusema, "Minda, mletee maji."

Minda hakuleta maji. Alikaa chini palepale, katikati ya uwanja, akalia kwa sauti, "Tay! Tay, umesema nini? Niite tena!" Naye akamwambia, "Lete maji kwanza, Minda, utalia baadaye."

Baada ya robo saa alikuwa ameshamsahau tena. Akamwita mama mwema, akamshukuru kwa maji.

Tulipotulia tukakimbilia fomu. Basi, pigo la saba likoje? Nong Bebot anaapa lilitoka juu. Turing anasema lilitoka chini, mkewe anasema Turing alikuwa anatazama zumba. Mwizi wetu wa kuku anasema lilipita katikati ya mikono na halikingiki, na yeye ndiye mtaalamu. Minda hakuona, machozi. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, nami najua kilekile alichojua Tay Isyong kwenye shamba la miwa. Hapa kuna kitu, lakini sikukiona. Tumejaribu kuita saba tena Jumamosi na Jumanne. Anatabasamu tu, anasubiri nane.

Maombi

Mgeni rasmi, hatuombi sare, hatuombi fimbo mpya, wala kikombe hatuombi, maana hatutakishinda.

Tunaomba utuache kwenye orodha na hesabu yetu mbovu kama ilivyo, ili saa kumi ikifika mzee huyu akute watu wake uwanjani, na mwanawe awepo kama atamwita tena. Atakapotutoka, tuletee chati yako. Tutaijifunza yote, na tutaipigia makofi.

Fomu tumeijaza. Kwenye mstari wa saba, baada ya kubishana siku mbili, tumeandika: "Lipo. Analo Tay Isyong." Kama hilo halitoshi, tunaomba usimame mbele yake wewe mwenyewe na uite saba. Helmeti ya pikipiki ya Nong Bebot iko chini ya kiti chako. Safari hii tumeapa sote kutazama.

Mungu akujalie safari njema ya kurudi mjini, ufike na kichwa kizima. Awabariki watoto wako wakuite kwa jina kila siku, nawe uwaite.

Nakatisha hapa, kwa kuwa saa kumi imefika na Tay Isyong ameshasimama na fimbo yake. Anakuangalia wewe, mgeni rasmi. Nadhani anakuuliza kama unaanza na moja.

Ni sisi,
Kikundi cha Eskrima cha Kalubihan, watu wa sita na nane.

Imesomwa na Editha Balinas, Katibu, ambaye nundu yake inaendelea vizuri.