Mwalimu Everlyn Nanjala, Aliyerudi Benchi la Watoto

Ndugu, majirani na marafiki mliofika, tunayemsindikiza leo ni Mwalimu Everlyn Nanjala Wafula, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1964 huko Kimilili, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Jamleck Simiyu na Mama Peres. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1972 hadi 1978, akamaliza kidato cha nne mwaka 1982, na Januari 1985 akaja Nairobi kwa shangazi yake Kangemi, akaajiriwa kulea watoto katika nyumba moja ya Spring Valley, na ni huko alikogundua kwamba mtoto asiyetulia dakika mbili anaweza kukaa saa nzima akihangaika na herufi ya kwanza ya jina lake.

Alihitimu ualimu wa chekechea mwaka 1988, akaanza kazi katika nasari ya kanisa hapa Kangemi, akaolewa na fundi seremala Dalmas Wafula tarehe 9 Desemba 1989, wakajaliwa watoto wawili, Maxwell na Debra. Darasani alianza na herufi kubwa za mistari iliyonyooka, I, L, T na H, watoto wakizichora kwa kidole kwenye trei ya mchanga kabla ya kushika penseli, kisha akaingia kwenye zile zenye matumbo, kama B na D, na S, iliyowaliza wengi, akaiacha mwisho kabisa.

Tarehe 14 Septemba 2021, akiandika M ubaoni, chaki ilimponyoka, akaanguka. Kilikuwa kiharusi, na mkono wake wa kulia haukuinuka tena. Miezi saba alikaa nyumbani akiutazama, hataki hata kuona daftari. Kisha Mei 2022 akamwomba Dalmas ampeleke shuleni, akamwambia mwalimu mkuu, Bi Wahu, "Sijakuja kufundisha, nimekuja kuandikishwa," na Bi Wahu akamwonyesha nafasi kwenye benchi la watoto wa miaka minne.

Pale, mwalimu aliyefundisha miaka thelathini na tatu akashika penseli kwa mkono wa kushoto, A yake ya kwanza ikatoka imepinda, na msichana aliyeketi kando yake, Shiko, akaichungulia akasema, "Tichaa, hiyo imelala. Anzia juu, ushuke polepole." Everlyn akalia, halafu akacheka, akafuta, akaanzia juu.

Novemba mwaka huo alisimama ubaoni akaandika A hadi Z kwa mkono wa kushoto, mbele ya watoto thelathini na wawili, ikachukua karibu dakika arobaini. Dalmas, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia. Alirudishiwa darasa Januari 2023, akalifundisha hadi Julai 2025. Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 2 Agosti, akalazwa, na tarehe 18, saa nne asubuhi, akatuacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Kangemi na Mountain View waliotupikia na kukaa nasi, na zaidi Bi Wahu na walimu wenzake, waliokubali kumpokea akiwa mwanafunzi. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na watu wazima wengi waliosimama hapa, ambao mtu wa kwanza kuwaonyesha majina yao yalivyo kwenye karatasi alikuwa yeye. Mwalimu, kazi umeimaliza, sasa pumzika kwa amani.