Mkanda Uliomtoa Nahodha Majini

Amahoro, mama zangu, ndugu zangu, na ninyi wageni mliokuja kutusikiliza. Dada aliyenitangulia ameongea vizuri, mimi sina ulimi kama wake, lakini nitaongea. Majina nitayaacha. Huyo nitakayemsema zaidi amekaa pale karibu na mlango, na mkono wake wa kushoto bado haunyooki sawasawa, kwa hiyo mutamujua tu.

Mimi ni fundi wa kushona. Wengi wenu mumevaa kazi yangu leo, naiona kutoka hapa. Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi, nikavuka na mume wangu tukaja kukaa Rumonge. Yeye alikuwa mchuuzi. Alipeleka mawese ng'ambo, akarudi na maharagwe na unga wa muhogo. Ziwa lilitulisha, na mimi nililipenda. Jioni nilikuwa nakwenda kumpokea na watoto, tunasikia sauti yake kabla boti haijagusa mchanga, maana alikuwa mtu wa kelele.

Basi siku moja, mchana kweupe, boti ilikuwa imejaa mizigo, wimbi likaipiga ubavuni, yeye akaanguka. Mwenzake aliyekuwa ndani alikuja kunisimulia. Alisema walimwona. Hakuwa mbali, alikuwa anaogelea na kuinua mkono. Na majile yalikuwemo, yale ya kuvaa kifuani ili mtu aelee. Lakini yalikuwa yamefungwa pamoja kwa kamba, yako chini kabisa, magunia yamelala juu yake. Wakaanza kuvuta magunia. Mmoja akatafuta kisu. Walipopata jile la kwanza wakalirusha, hapakuwa tena na mtu wa kulishika.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, kama boti ile isingekuwa na jile hata moja, labda ningeweza kulala. Kilichonimaliza ni kujua kwamba yalikuwepo.

Niligeuza mashini yangu, nikakaa nimelipa ziwa mgongo. Samaki sikula tena, si mukeke, si ndagala. Watoto wakirudi na miguu yenye mchanga nilikuwa nawapiga, halafu nalia. Ikafika wakati sikushona tena. Mtu analeta kitambaa, nakiweka, kinakaa, anakuja kukichukua vilevile. Nilikuwa naamka, nakaa kitandani, basi, hiyo ndiyo kazi yangu ya siku.

Kikundi hiki chetu cha kufarijiana ndicho kilinifuata. Hamkuja kunihubiria. Dada mmoja kutoka Kizuka alikuja na maharagwe yake, akakaa kwenye mkeka wangu, akaanza kuyachambua kama yuko kwake. Kesho yake akarudi na mwenzake. Siku ya tatu aliniambia, "Leo tunakwenda wote kwenye mkutano. Usiongee kama hutaki, lakini kuoga utaoga." Nikaoga. Nikaja nikakaa pale nyuma, nikasikia wengine wanasema mambo niliyofikiri ni yangu peke yangu. Baada ya muda nikarudi kwenye mashini, nikaanza na sare za shule. Mikono ilikuwa imerudi. Ziwa bado nilikuwa nimelipa mgongo.

Sasa huyu mzee wa mlangoni. Ni nahodha, Mwislamu, mzaliwa wa hapahapa Rumonge. Anaendesha ile mashua nyeupe ya matanga, ya yule bwana wa Bujumbura, inayobeba wageni kuwapeleka upande wa Kigwena. Mama mmoja wa kikundi chetu ndiye alimwelekeza kwangu. Akaja na begi limechanika, na ndani kuna kamba ndefu.

"Mama, hodi. Iko kazi kidogo ya kushona."

Nikamuuliza begi hilo ni la nini.

"La kurushia mtu kamba akianguka majini."

Nikamwambia, "Mzee, mimi sishoni vitu vya ziwa. Fundi mwingine yuko pale sokoni."

Hakubishana. Aliliweka mezani, akasema, "Huyo wa sokoni alishona mdomo mdogo, kamba ikakwama. Nimelitupa begi lake, nimebaki na hili lililochanika. Kama halishoneki niambie, nitalifuata." Akaenda.

Nililitazama lile begi nikashikwa na hasira. Sikujua nimemkasirikia nani. Kamba imekwama. Kwa hiyo mtu mwingine angeanguka, na kamba iko, na isitoke. Nikalivuta nikalifumua lote. Nikatafuta kitambaa cha rangi ya chungwa ambacho hata kipofu angekiona, nikatia mdomo mpana wenye ukingo mgumu ili ubaki wazi, na chini nikatia povu gumu lisilonywa maji ili lielee. Kamba sikuikunja duara. Niliishindilia ndani kidogokidogo, ovyo tu, kama mtu anajaza pamba kwenye mto, na nilipoishika ncha nikalirusha begi uani, ikatoka yote bila kushikana. Kuku walikimbia.

Mzee alipokuja, alilirusha mara moja, akalirusha tena. Akasema, "Nataka pia mkanda. Mpana, wa kuvishwa mtu chini ya makwapa, tumvute juu na kamba ya mlingoti. Mtu aliyelowa na kuchoka hapandi ngazi. Lakini mkanda huo unapimwa chomboni, mama, siwezi kukuletea mlingoti hapa."

Nilikataa. Nikaja hapa mkutanoni nikawaambia nimekataa. Mnakumbuka mlivyonijibu? Mlinitazama tu, wote. Kesho yake nikaenda.

Mashua ilikuwa imefungwa karibu na mchanga, na bado nilishika ukingo kwa mikono miwili mpaka shemeji yake, anayeshika usukani, akanikalisha. Mzee akanionyesha kila kitu na mahali pake. Boya lile la duara linakaa nyuma, kwenye kishikio, halifungwi fundo hata moja, unalinyanyua tu. Begi la kamba linaning'inia kulia kwa mshika usukani. Mkanda utakaa kwenye mfuko wake chini ya mlingoti, kulabu ikiwa juu. Majile hayawekwi kabatini, yanavaliwa kabla ya kung'oa nanga, na yeye ndiye anavaa wa kwanza. Akasema, "Kitu cha kuokoa kikihitaji kutafutwa, hicho ni mzigo kama mzigo mwingine."

Ndugu zangu, nilimwomba anipishe kidogo. Nikageukia upande, nikalia, kwa sababu maneno hayo yalikuja kwangu yamechelewa. Yeye na shemeji yake wakajifanya wanapanga kamba.

Tangu hapo nikashona mkanda, nikawa naenda nao kujaribu kazi yangu. Wanatupa bidoni ya njano, yaani dumu tupu, majini, mmoja anapiga kelele "mtu majini", mwingine anainyoshea kidole, na huyo wa kidole haruhusiwi kutazama kitu kingine hata akiitwa na mama yake. Mimi nilipewa kiti cha nyuma, karibu na boya. Mara za kwanza niliikosa ile bidoni vibaya. Kisha nikaanza kuipata.

Sasa nisikilizeni. Ilikuwa kiangazi, tunarudi kutoka Kigwena, sisi watatu tu, upepo wa kusini umeamka na ziwa limepanda. Kamba ya tanga la mbele ilikwama. Mzee akaenda kuikwamua. Nikaona ile kamba inajinyoosha ghafla, inampiga mkono, na yeye hayupo.

Nilisikia mtu anasema "mtu majini". Ilikuwa sauti yangu. Boya lilikuwa limeshatoka mkononi mwangu. Nikamnyoshea kidole. Mawimbi yalikuwa yanampandisha na kumficha. Namwona, simwoni, namwona.

Shemeji akauliza, "Yuko wapi?"

"Nyuma, kushoto. Ameshika boya."

"Usimwache."

"Simwachi."

Akageuza mashua, akazunguka, akaja akielekeza pua kwenye upepo, matanga yakapoteza nguvu yakabaki yanapigapiga. Nikashika ncha ya kamba, nikarusha begi. Lilimpita kichwani, kamba ikamlalia begani. Tukamvuta mpaka ubavuni. Jile lilikuwa limemshika vizuri, lakini mkono wa kushoto umevunjika, na uso umekuwa wa kijivu. Ngazi ilikuwa pale. Hakuweza hata kuitazama.

Nikateremsha mkanda. Kichwa kikaingia, mkono wa kulia ukaingia. Ule wa kushoto ukabaki nje.

Nikalala kifudifudi, nikashusha mkono wangu ziwani mpaka begani. Tangu mume wangu aondoke sikuwa nimeyagusa maji yale. Yalikuwa ya vuguvugu. Nikamwambia, "Mzee, nipe huo mkono."

"Unauma, mama."

"Najua. Nipe."

Akanipa. Nikaupitisha, nikafunga kulabu kwenye kamba ya mlingoti, na shemeji akaanza kuzungusha winchi, ile mashini ya kuvutia kamba, na mimi namwongoza asigonge ubavu. Nilikuwa natazama mishono yangu tu. Kila mshono niliujua. Hakuna uliofunguka. Akapanda kutoka majini taratibu, maji yanamchuruzika, tukamlaza.

Alikohoa sana. Halafu neno lake la kwanza, yuko hapa muulizeni, alisema, "Rudisheni boya mahali pake."

Nikalirudisha. Nikaishindilia kamba ndani ya begi, imelowa hivyohivyo, huku nalia na kucheka, mpaka tukafika Rumonge akapelekwa hospitali.

Mimi sikumpata mume wangu siku ile, na sitampata. Kumvuta mzee hakukumrudisha, wala sitawadanganya kwamba kuliondoa uchungu. Lakini nililala usiku ule. Asubuhi nikaamka nina njaa. Sasa mashini yangu iko mlangoni, na wavuvi wa hapa na wa Kigwena wananiletea kazi. Sikabidhi begi kwa mtu mpaka alirushe mbele yangu, na kabla hajaondoka namuuliza ataliweka wapi. Akisema "chini ya magunia", simpi. Wengine wananiona mkali. Wananiona vizuri.

Nawashukuru ninyi mlionifuata nyumbani wakati sikuweza hata kuoga. Namshukuru dada wa Kizuka na maharagwe yake. Nawashukuru mzee na shemeji yake, walionifundisha bila kunionea huruma. Namshukuru Mungu, kila mmoja wetu amuite anavyomuita. Murakoze cane.

Na kama nina neno la kuwaachia, ni hili. Chochote cha kumwokoa mtu, kiwe kamba, kiwe jile, kiwe neno la kumwambia jirani aliyejifungia ndani, kiweke pale mkono unapofika, leo, wakati maji yametulia. Mama zangu, nyumba nyingi hapa zina mtu aliye ziwani saa hii. Begi liko hapo nje, na uwanja ni mpana. Njooni, kila mmoja alirushe.