Bunduki ya Kajaga Inasema Tak

Pale Buyenzi, mbele ya gereji ya Massoudi, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya injini mbili zilizokufa. Ndilo benchi. Mwanne anaweka mbabula yake ya makaa kando, birika la kahawa ya tangawizi juu yake, vikombe ndani ya ndoo, na kuanzia hapo mambo yote ya dunia yanatengenezwa, yawe yameharibika au hayajaharibika. Ijumaa hiyo, baada ya sala kubwa, walikaa watatu wa kawaida. Massoudi mwenyewe, fundi wa magari, ambaye benchi linamwita Sikio kwa sababu hafungui boneti mpaka gari limsemeshe kwanza. Atumani, fundi cherehani, jina lake Methali, anayezijua methali zote na hajaitumia hata moja mahali pake. Na Mugisho wa Uvira, upande wa Kongo, anaitwa Duane, yaani forodha, maana anavuka mpaka na bidhaa kama wewe unavyovuka barabara. Hao watatu wakikubaliana jambo, andaa sanda, kiyama kimefika.

Tajudini alifika akiwa amechoka mpaka kofia yake imechoka. Huyu ni mlinzi wa viboko kule Kajaga, kando ya ziwa. Amepewa bunduki ya zamani, ile ya kuvuta komeo nyuma na kulisukuma mbele kwa mkono kila risasi, apige hewani kuwatisha viboko wasimalize mashamba ya watu. Bunduki inalala posti, chini ya kufuli, haitembei mjini. Lakini matatizo yake yalikuwa yametembea naye mpaka Buyenzi. Jioni hiyohiyo alikuwa na zamu, na alikuwa anaogopa. Si ule uoga wa kusimulia watu wacheke, alikuwa anaogopa kweli.

— Salaam aleikum, bazee. Bunduki yangu inanikataa.

— Waleikum salaam, akajibu Massoudi bila kuinua uso kutoka kwenye kikombe. Inakukataa namna gani? Asubui ao mangaribi?

— Haina saa. Siku moja inalia, siku ingine inakataa. Jana nimevuta: tak. Nikatoa risasi, nikaweka ingine: tak. Na Mukwe iko anakuja mbele yangu!

Mukwe ni kiboko. Watu wa Kajaga wamempa jina hilo kwa sababu anakuja bila kuitwa, anakula mpaka chungu kinalia, halafu anaondoka bila kuaga.

— Na mukubwa wako anasema nini? akauliza Mugisho.

— Anasema piesi ya kubadilisha iko njiani. Iko njiani toka mvua ya kwanza! Nikikataa kwenda, anasema batu ba kutaka hii kazi ni bengi. Na Saliha bibi yangu naye anasema, nikienda tena na ile bunduki, nikitoka kule nisipite nyumbani, nipite makaburini moja kwa moja, nimupunguzie kazi.

— Saliha ana akili, akasema Mwanne, akamimina.

Massoudi akaweka kikombe chini. Akafumba macho, akainamisha kichwa upande wa kulia, ule wa sikio zuri.

— Lia kama yenyewe inavyolia.

Ndivyo anavyofanya kazi. Mteja wa Sikio hasemi gari lina nini, analiiga. Mabwana wazima wenye tai wameonekana pale mbele ya watoto wao wakisema krrr-krrr-puuu, na Massoudi akiwaambia warudie, hiyo puuu haikutoka vizuri.

Tajudini akajikohoza.

— Tak.

— Tena. Usione haya.

— Tak!

— Apana. Sikilizeni bote. Hiyo ni tak ya kavu. Tak ya kavu ni alumaji. Moto haufiki. Buji ya kuwasha imekufa.

— Sikio, bunduki haina buji.

— Nani amekuambia? Umeifungua?

— Sina ruhusa ya kuifungua yote.

— Sasa unabishana juu ya kitu haujafungua? Ndiyo sababu nchi haiendelei.

Atumani alikuwa akizungusha kikombe chake, na Atumani akizungusha kikombe jua methali iko jikoni.

— Ile ni sindano, akasema. Mashini yangu sindano ikichoka, inaruka. Inashona, inaruka, inashona. Mu bunduki si kuna kasindano kanagonga risasi nyuma?

— Kako! akasema Tajudini, na roho yake ikainuka, maana hilo lilikuwa na akili. Fundi wa kazini kwao alishawahi kuwaambia: kile kichuma cha kugonga kikilika ncha, au resori yake, ile springi ya kukisukuma, ikilegea, au grisi ya zamani ikiganda ndani ya komeo, risasi inaguswa tu, haigongwi.

— Si umeona? Haba na haba hujaza kibaba!

— Kibaba cha nini, Methali?

— Cha baruti. Usinikatize. Niko na sindano namba kumi na nane, ya kushona jinzi. Ile itatoboa kila kitu. Na chanda chema huvikwa pete, kwa hiyo uanze kupiga na kidole cha pete, hiki kingine kimechoka.

Roho ya Tajudini ikarudi mahali pake pa zamani.

— Sindano bila resori ni bure, akaingilia Mugisho. Miye nakuambia, Uvira iko kila kitu. Jamaa yangu Trésor iko na piesi za okazioni, zilizotumika Ulaya, siyo za Chine.

— Piesi za bunduki?

— Za baiskeli. Lakini resori ni resori! Ikisukuma, imesukuma. Nakuvushia kesho, mu kapo ya ndagala, chini ya samaki.

— Duane, miye ni mulinzi wa serikali! Piesi ya bunduki haipite mpaka chini ya ndagala. Tutafungwa bote wawili, na ndagala wetu.

— Basi tutafute hapa hapa. Mutu anakufa na kiu na iko anakaa kando ya ziwa?

Hapo ndipo wazimu ulipopanda. Massoudi aliingia gerejini akatoka na resori ya karbirateri, akaapa kwamba ya Toyota haifi mpaka mwenye gari afe kwanza. Atumani akaivunja kalamu yake ya biki akatoa kale karesori ka ndani, akakaweka kwenye kiganja cha Tajudini kama mtu anayetoa mahari. Mugisho akaunyakua, kwa ajili ya resori yake, mwavuli wa mteja mmoja aliyekuwa gerejini akingoja gari lake, na mteja akaja kuudai, naye akabaki kusikiliza. Hata Mwanne, aliyekuwa akiwacheka, alikumbuka mtego wake wa panya.

— Ule unapiga vizuri, akasema. Uliza kidole changu.

— Ya mwavuli ni ndefu, akasema Massoudi. Bunduki itafunguka.

— Itafunguka ni nini? akauliza Tajudini.

— Itafunguka kama mwavuli, bwana! Utapiga, itafunguka, kiboko atacheka.

Walicheka mpaka Mugisho akamwaga kahawa yake. Tajudini naye akacheka, na katika kucheka akaingiza mkono mfukoni akatoa risasi ya jana, mojawapo ya zile zilizokataa, alikuwa akiipeleka kwa mkubwa wake.

— Tazameni. Kitako kimeguswa kidogo tu.

Vichwa vitatu vikagongana juu yake.

— Hii imeloa, akasema Massoudi.

— Hii iko ekspire, akasema Mugisho. Hata maziwa ya kopo yanakufa, sembuse risasi?

— Imeloa? Dawa ya moto ni moto! akasema Atumani, akainyakua, akainama kuelekea mbabula ili ikauke kidogo.

Mwanne akaruka. Alinyanyua birika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akampiga Atumani kifuniko kwenye vidole.

— Astaghfirullah! Unataka kunizika na vikombe vyangu?

Risasi ikaanguka mchangani. Mugisho alikuwa amekwisha kufika nyuma ya Corolla isiyo na magurudumu, na mpaka leo hakuna anayejua alipita wapi. Massoudi alionekana chini ya benchi. Baadaye alisema alikuwa anatafuta ufunguo namba kumi na saba. Mwenye mwavuli alikuwa ameufungua akajikinga nao. Tajudini peke yake ndiye aliyebaki amesimama. Aliokota risasi, akaitia mfukoni, akafunga kifungo.

— Hii inarudi kwa mukubwa wangu. Haiguswe tena na mutu. Methali, we utatuua na methali zako.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema Atumani akipuliza vidole.

Walirudi mmoja mmoja, na kwa kuwa wamepona, wakawa wajinga zaidi. Mtu akishaponea kifo mdomo wake hauna breki.

— Nimeelewa! akasema Massoudi akipangusa vumbi magotini. Ile bunduki umeikuta ao ulikuja nayo?

— Nimeikuta. Ni ya zamani sana, ya wakati wa koloni, ya Babelji.

— Na unaisemeshaka lugha gani?

— Siisemeshi. Navuta tu.

— Yampayinka! Mubelji unamuvuta tu bila bonjour? Ile haisikii Kiswahili. Ukitaka kupiga, sema *Feu, s'il vous plaît*, moto tafadhali. Utaona.

— Apana, akakataa Atumani. Jana ilikuwa siku gani? Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa. Bunduki inaheshimu. Wallahi ile ni Islamu.

— Na ile siku ingine ilikataa siku gani? Mugisho akamgeukia Tajudini.

— Jumapili.

— Munaona! Ni mukristo!

— Basi iko na dini mbili, akaamua Massoudi. Ndiyo maana haina nguvu. Inafunga mara mbili kwa mwaka.

Mwenye mwavuli alikaa chini kwa kicheko, akasahau gari lake.

— Miye nawaambia ukweli, akasema Mugisho, na akashusha sauti kama watu wa duane wako karibu. Ile bunduki na yule kiboko banajuana. Miaka yote banaonana kila usiku. Bamekuwa ndugu. Na jina lake ni nani? Mukwe! Utapiga mukwe wako bunduki? Hiyo siyo kuharibika, Tajudini. Ile ni adabu.

Hapo benchi lilipotea kabisa. Massoudi alilia machozi ya kweli. Atumani akagonga injini kwa kiganja akisema mkono mtupu haulambwi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Tajudini alicheka mpaka mbavu zikauma, akasahau, kwa muda mdogo akasahau kila kitu. Halafu akainua macho akaona jua limekwisha kuanza kushuka upande wa milima ya Kongo. Kiganjani alikuwa na karesori ka biki, na usiku unakuja.

Wakati huo alikuwa amefika mwanamke mmoja na kapu la tangawizi kichwani. Consolée, muuzaji wa kutoka Kinama, mara yake ya kwanza kumletea Mwanne. Alikuwa amesimama anangoja kicheko kiishe ili mzigo wake upimwe.

— Samahani, ba papa, akasema. Miye sijaonaka kiboko hata siku moja.

— Usiombe, mama, akasema Tajudini.

— Huyo wa jana, alikuwa anaenda wapi?

— Alikuwa anarudi mu maji. Alikuwa amekwisha kula.

— Anarudi kwake?

— Ndiyo, kwake.

— Na weye ulikuwa wapi?

— Mbele yake, pale matete yameachana. Ndiyo njia yake, anapitaka pale kila siku, habadilishi.

— Na bunduki ikakataa.

— Ikakataa. Nikajitupa mu matete. Akanipita hapa, karibu hivi. Hakuniangalia hata.

Consolée akashusha kapu, akalifikiria jambo hilo, na usoni mwake hapakuwa na utani wowote.

— Sasa kama ameshakula na anarudi kwake, papa, unamusimamia mu njia juu ya nini?

Tajudini akavua kofia, akaiweka gotini.

— Kiti changu cha zamu kiko pale, akasema.

— Nani alikiweka?

— Nilikikuta.

Massoudi aliinamisha kichwa upande wa sikio zuri, akangoja, hakusikia kitu. Mugisho aliangalia upande wa Uvira, labda jibu lingeweza kuagizwa kule. Atumani alitafuta methali, ikaonekana wazi kwamba anatafuta, midomo inatembea, na kwa mara ya kwanza tangu benchi liwekwe pale, hakupata hata moja, ya mahali pake wala isiyo ya mahali pake. Wote wakakimbilia vikombe. Mwanne akainamisha birika, halikutoa kitu.

Tajudini akainuka, akavaa kofia yake.

— Unaenda wapi? akalalamika Massoudi. Hatujamaliza! Bado hatujachagua resori!

— Naenda kuhamisha kiti.