Erastus Kaleli na Sanduku la Loji ya Kikosi

Baada ya miaka kumi na saba ya kazi, Bwana Erastus Kaleli, mtunzaji wa mesi, bwalo la chakula la maofisa hapa kambini Thika, anastaafu tarehe 30 Juni 1958. Kikosi alichokitumikia muda wote huo kinarudi Ulaya. Sisi wenzake wa jikoni tunabaki kupokea kikosi kingine, na kusema kweli hatujui tutaanzaje bila yeye.

Kaleli aliajiriwa Misri mwaka 1941, wakati wa vita. Pamoja na vyombo vya mesi alikabidhiwa sanduku lenye vifaa vya loji, yaani tawi, ya Frimasoni, chama cha siri walichojiunga maofisa hao. Loji za mjini zina majengo yao. Hii ya kikosi haina. Tangu enzi za babu zao ilipewa kibali cha kusafiri na askari, na popote sanduku linapofunguliwa, hapo ndipo loji ilipo. Kaleli alilifungua hemani Palestina, akalifungua Kupro katika ghala la viazi, na tangu 1953 hapa Thika. Alipenda kutusimulia jinsi lilivyotekwa vitani zamani, na maofisa wa adui, nao wakiwa Frimasoni, wakalirudisha kwa heshima zote. Kila akisimulia, adui waliongezeka.

Mara ya kwanza hapa Thika aliambiwa kiti cha mkuu wa loji kikae mashariki. Akatazama jua linakotoka, upande wa Kilimambogo, akakiweka huko, mgongo ukielekea mlangoni. Kumbe kwao mashariki ni mbele ya chumba, hata jua litoke wapi. Maofisa waliingia na glavu nyeupe alizozifua mwenyewe, wakajikuta nyuma ya mkuu wao. Walicheka mpaka Kaleli naye akacheka.

Majirani zake wa Witeithie hawakucheka. Miaka ile watu walifungwa kwa kula kiapo cha kuipinga serikali, naye anawapangia viti Wazungu wanaoapa mlango umefungwa. Mkewe, Mama Katunge, aliulizwa sokoni kama ni kweli wanakunywa damu. Alijibu kuwa wanakunywa supu anayopakua mumewe, tena chumvi imezidi.

Akishapanga viti, Kaleli hutoka. Mlango hufungwa, afisa mwenye upanga husimama nje, na Kaleli hukaa kwenye ngazi za jikoni akiwasikiliza. Hata wale wasiosalimiana mezani, humo ndani waliitana ndugu. Siri zao hakuzitaka. Alitamani kuketi nao mara moja tu kabla hawajaondoka, na mwezi uliopita alimwomba meja aliye mkuu wa loji. Meja alimjibu kwa upole kwamba asiyeapishwa haruhusiwi, na kumwapisha yeye hakuwezekani. Kaleli alisema, "Sawa, bwana," akaenda kupanga viti.

Jumamosi iliyopita sanduku lilitangulia kwa gari moshi kutoka stesheni ya Ruiru. Alilifuta vumbi, likapandishwa behewani, likaenda. Tulipomwita turudi, alisema, "Ngojeni kidogo. Sijazoea kuliona likienda bila mimi." Tulingoja, na wengine wetu tulilia.

Bwana Kaleli, asante kwa kazi na kwa kutuchekesha. Pumzika vizuri na Mama Katunge, Mungu awape afya na miaka mingi. Ukitukumbuka, njoo. Mlangoni kwetu hakuna mwenye upanga. Ingia uketi, ndugu yetu.