Mama Biskuti na Gauni Lililochelewa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya saratani ya tezi za mate, muuguzi wetu mkuu, Mama Biskuti, anastaafu rasmi Ijumaa hii. Jina hilo limetokana na kopo lake la biskuti kavu. Mgonjwa akiketi, anapewa moja, wanapiga soga. Akiimaliza bila kuomba maji, mate yake yako sawa. Daktari mmoja mgeni aliwahi kulimaliza kopo zima kwa chai, kumbe anakula vifaa vya kazi. Hajasamehewa.

Kazi yake hasa ilikuwa kuwafuatilia waliotibiwa, mwaka nenda mwaka rudi. Aliwapanga kwa mahali uvimbe ulipoanzia: Watu wa Shavu, Watu wa Taya, Watu wa Kaakaa. Wote aliwasumbua, ila Watu wa Kaakaa hakuwapa hata nafasi ya kupumua, maana alishaona uvimbe wa huko ukirudi wakati mwenyewe amesahau kama aliwahi kuugua.

Mmoja wao ni fundi cherehani. Miaka ilipita, akajiona amepona, akabadilisha na laini ya simu. Sisi wengine tulikata tamaa ya kumpata. Mama Biskuti alinunua kitambaa, akaenda kibandani kwake kushonesha gauni. Akiwa katikati ya kupimwa kiuno, alimwamuru fundi atoe pini alizobana midomoni na afungue kinywa. Fundi alilalamika kwamba hajawahi kuona mteja wa namna hii, lakini akafungua. Kulikuwa na kiuvimbe kama punje ya dengu. Kiliondolewa mapema. Tuseme ukweli, bila kitambaa kile tungemzika.

Sasa gauni lenyewe. Fundi aliahidi wiki mbili. Huu ni mwaka wa sita. Kila Mama Biskuti alipolifuata, kinywa kilikaguliwa kwanza, ndipo visingizio vikasikilizwa: mara uzi umekwisha, mara cherehani imegoma. Tulimcheka sana mama wa watu.

Jumatatu, aliposikia mama anastaafu, fundi alilileta, na likamkaa barabara. Alituambia liliisha zamani, na kwamba amekuwa akilipanua kimyakimya. Aliogopa tu kwamba akilikabidhi, mama hatakuja tena.

Mama Biskuti alijigeuza mbele ya kioo, akalisifu, kisha akatoa mkobani kitambaa kingine.

Asante kwa yote, mama yetu. Kaufurahie ustaafu wako, na fundi aendelee kuchelewa.