Obuya Were, Aliyeagizwa Asiondoe Macho

Tumekuja Lang'ata leo kumsindikiza ndugu yetu, Obuya Were. Mimi ni dada yake mkubwa, Everlyn. Mjomba aliniomba niandike mazuri tu. Nimeyaandika, pamoja na lile moja ambalo Obuya mwenyewe aliagiza lisomwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Agosti 1985 katika nyumba ya kupanga hapo Riruta, mtoto wa pili wa hayati Mzee Were, aliyekuwa mwashi, na mama yetu Rachael. Alimaliza shule ya msingi hapo Satellite mwaka 1999, akasoma sekondari ya bweni huko Butere hadi 2003. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Lakini ukimpa redio iliyokufa, alikurudishia inaimba, na skrubu mbili zimebaki.

Kuanzia 2005 alitengeneza jenereta na injini ndogo Kirinyaga Road. Tarehe 3 Desemba 2011 alimwoa Caren, siku ya mvua kubwa hata keki ikaletwa kanisani kwa mkokoteni. Walijaliwa Valarie na Okinyi.

Mwaka 2016 alipata kazi katika meli inayopeleka watalii Antaktika, kule kwenye barafu, kutazama nyangumi, sili na pengwini. Yeye aliendesha boti za mpira zilizowasogeza wageni karibu na wanyama. Alijifunza kuzima injini na kungoja, kwa sababu nyangumi hafuatwi, huja mwenyewe akitaka. Akija likizo alitusimulia kwamba pengwini wananuka kuliko soko la samaki, na kwamba nyangumi utamsikia akipumua kabla hujamwona. Wahome, mwenye bucha jirani, alikataa katakata: "Wee Obuya, hiyo ni uongo! Mnyama mkubwa kama hii plot yote, akuje tu kukusalimia?" Tulicheka, na Obuya akacheka kutushinda.

Wakenya melini walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Hafiz Twahir wa Parklands, kijana wa familia ya Lamu. Walikutana mjini wakifuatilia karatasi za ubaharia, wakawa kama waliolelewa nyumba moja.

Tarehe 9 Februari 2019, saa nne asubuhi, Hafiz aliteleza walipokuwa wakipandisha boti, akaanguka majini. Kila baharia hufundishwa hivi siku ya kwanza: mwenzako akianguka, wewe uliyemwona kwanza mnyooshee kidole, usiondoe macho wala kushusha mkono mpaka aokolewe. Meli ikishageuka, kichwa cha mtu katikati ya barafu hakitafutiki, na waokoaji hufuata kidole. Aliyemwona kwanza alikuwa Obuya. Alimnyooshea kidole dakika sita, wenzake wakihangaika kushusha boti nyingine. Ndipo nyangumi akaibuka nyuma ya Obuya, upande wa pili wa meli, karibu hata akamsikia akitoa pumzi, na wageni wa upande ule, wasiojua lolote, wakashangilia. Obuya aligeuka mara moja tu. Aliporudisha macho, aliona maji na barafu. Walitafuta hadi siku ya pili na Hafiz hakupatikana. Ripoti iliandikwa kwamba Obuya hakuondoa macho, naye hakuikanusha.

Alirudi Riruta mwezi Machi na hakupanda meli tena. Alifungua kibanda cha kutengeneza pampu, lakini yule Obuya wetu hakurudi. Watoto wake walipovuka Naivasha Road kwenda shule, alisimama ukingoni akiwanyooshea kidole mpaka wafike ng'ambo, na wakishafika mkono haukushuka. Caren akimwita, hakugeuka. Lori likiachia upepo wa breki, alitetemeka mwili mzima. Mimi nilimtania mbele ya watu, "Pengwini, shusha bawa." Neno hilo linaniuma leo, na litaendelea kuniuma.

Kila mwezi alikwenda Parklands kwa mama yake Hafiz, Bi Waridi. Alimrekebishia mfereji, akala wali wake, akarudi nyumbani. Kumbe kila mara alikuwa amekwenda kumwambia ukweli, na kila mara ulimkwama.

Septemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, na kufikia Desemba sauti ilikuwa imekwisha. Januari aliandika yote haya katika daftari la Okinyi. Mwisho aliandika: "Mwambieni Bi Waridi. Msiseme ni ugonjwa ulinichanganya. Niligeuka." Alifariki tarehe 14 Machi 2025, saa tisa alasiri, hospitalini, macho wazi. Caren aliyafumba mara mbili, yakafunguka.

Jumatatu nilimpelekea Bi Waridi daftari. Alisoma amesimama. "Miaka sita yuaja kwangu, ala kwangu, na hili kanificha?" Akafungua mlango nitoke. Nilishuka ngazi nikilia, maana ndugu yangu alikuwa ameniachia kazi moja tu na nilidhani nimeiharibu.

Jumatano alinipigia simu. "Kabla hajageuka, alimtazama muda gani?"

"Dakika sita, Bi."

"Mimi miaka yote nalia kwamba mwanangu alikufa hapana amwonaye. Kumbe dakika sita alikuwa na mwenziwe."

Kwa pupa yangu nikamuuliza, "Kwa hivyo umemsamehe?"

"Kusamehe bado, mwanangu. Niacheni, nitafika. Lakini nami niandikeni katika hiyo karatasi yenu."

Marehemu ameacha mjane, Caren. Watoto, Valarie na Okinyi. Mama yetu, Rachael. Mimi dada yake, Everlyn. Na, kwa agizo alilonipa kwa simu, Bi Waridi wa Parklands, mama.

Mungu ampe Obuya usingizi, na Hafiz pia, popote alipo ndani ya maji yale.